Sponji ya Kitanda Isiingie Mtumbwini

Mwezi huu sitazungumza juu ya mahindi wala mbolea. Nitazungumza juu ya mtumbwi, sponji na gundi. Utashangaa. Utasema, "Bwana Shamba amehama shambani, amekwenda ziwani." Nisikilize kwanza. Mwezi huu ninaanza na kosa langu mwenyewe.

Mtumbwi wa vyungu

Wasomaji wa Kyela wanaifahamu Ikombe. Ni kijiji cha Wakisi, pembeni mwa Ziwa Nyasa, chini ya milima ya Livingstone. Kina mama wa Ikombe ni wafinyanzi hodari. Vyungu vyao hupakiwa katika mitumbwi na kuletwa Matema, kwenye soko la Lyulilo. Soko hilo ni la Jumamosi. Kutoka hapo vyungu hupanda magari kwenda Kyela, Tukuyu, Mbeya na mbali zaidi.

Chungu ni kitu kigumu motoni, lakini ni kitu laini safarini. Mtumbwi ukiyumba, chungu hugonga chungu. Wimbi likipiga, chungu hugonga ubao. Kwa hiyo watu hutandika majani makavu chini, ndipo wapange vyungu.

Siku moja mama mmoja mfinyanzi na mumewe waliniuliza swali. Walisema, "Bwana Shamba, majani yanaloa, yanaoza, na kila safari tunavunja vyungu viwili au vitatu. Tufanye nini?"

Mimi nina cheti cha kilimo. Nilisomea mahindi, kahawa, mpunga na mifugo. Sikusomea mitumbwi. Ningesema, "Sijui, twende tukamwulize fundi." Sikusema hivyo. Niliona aibu kusema sijui. Nikajibu haraka, "Nunueni godoro jembamba la sponji. Libandikeni chini ya mtumbwi kwa gundi ya viatu. Vyungu vitalala kama watoto."

Walifanya kama nilivyosema. Wiki za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Hakuna chungu kilichovunjika. Mama alinisifu mbele ya watu, na mimi nikafurahi.

Baada ya mwezi mmoja gundi ilianza kuachia pembeni. Maji yakaingia chini ya sponji. Mume akasema, "Mtumbwi huu siku hizi umekuwa mvivu. Napiga kasia, hauendi." Alidhani mbao zimezeeka.

Ndipo ikafika Jumamosi moja ya mwezi wa Julai. Ninyi mnaokaa ziwani mnaujua upepo wa kusini wa miezi hiyo. Mtumbwi ulikuwa umejaa vyungu. Ndani walikuwa mume, mama, na binti yao wa miaka tisa. Mtumbwi ulikaa chini sana majini. Wimbi la kwanza likaingia. La pili likaingia. Mume akachota maji kwa kopo, lakini mtumbwi haukuinuka. Wimbi la tatu likaulaza.

Bahati njema walikuwa karibu na pwani, na watu waliwaona. Binti alishika dumu tupu la maji ya kunywa. Dumu hilo ndilo lililomweka juu mpaka alipofikiwa. Wote watatu walitoka wazima. Vyungu vyote vilikwenda chini. Katika vyungu hivyo kulikuwa na sare ya shule ya binti, madaftari yake, na chumvi na mafuta ya nyumba.

Mtumbwi ulipovutwa nchi kavu, wanaume wanne waliibandua ile sponji na kuikamua. Maji yalitoka, yakatoka tena. Mama alinitazama akasema, "Bwana Shamba, sponji yako inakunywa kuliko ng'ombe."

Sikuwa na la kujibu.

Maji yasiyoonekana

Ndugu msomaji, chukua penseli. Tufanye hesabu pamoja.

Godoro lile lilikuwa na upana wa futi 3, urefu wa futi 6, na unene wa inchi 2. Nafasi iliyomo ndani ya sponji ya ukubwa huo ni kama lita 85. Debe moja ni lita 20. Kwa hiyo sponji hiyo ina nafasi ya madebe manne na zaidi.

Tuseme sponji ilishika nusu tu ya maji hayo. Nusu ni madebe mawili na kidogo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Basi zaidi ya kilo 40 ziliingia mtumbwini bila mtu kuzipakia. Ni kama umembeba mtoto mkubwa ambaye humwoni.

Maji yaliyo wazi unayaona. Unachukua kopo, unayachota. Maji yaliyo ndani ya sponji huyaoni, na kopo haliwezi kuyatoa. Tena sponji hufunika mbao. Ufa ukitokea, hutauona. Mbao zikianza kuoza kwa unyevu, hutajua mpaka siku kidole kitakapozama ndani ya ubao.

Maji hayaulizi kama uzito ni wa mtu, wa chungu au wa sponji. Uzito ni uzito. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu na kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya watu 200 walikufa. Kivuko ni kikubwa na mtumbwi ni mdogo, lakini sheria ya maji ni ileile kwa vyote viwili.

Sponji ziko za namna mbili

Baada ya ajali ile nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzoni. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayeunda mitumbwi. Kisha nikaenda kwa fundi viatu sokoni. Nilikaa chini, nikauliza kama mwanafunzi. Haya ndiyo niliyojifunza.

Sponji zote zina vyumba vidogo vidogo vya hewa ndani yake. Tofauti iko kwenye milango ya vyumba hivyo.

Sponji ya godoro ina vyumba vyenye milango wazi. Ndiyo maana ni laini na inapitisha hewa. Lakini maji nayo hupita chumba hadi chumba, mpaka sponji yote imejaa.

Sponji ya ndala ina vyumba vilivyofungwa. Fikiri sega la asali. Vijumba ambavyo nyuki wamevifunika kwa nta havivuji. Ndala ni hivyo hivyo. Maji hulowesha ngozi ya nje tu, hayaingii ndani. Wavuvi wanalijua jambo hili tangu zamani. Hukata ndala zilizochakaa, wakazitoboa, wakazifunga kwenye nyavu kuwa maboya. Boya la ndala hukaa majini muda mrefu na bado linaelea.

Huko Lamu, nchini Kenya, mafundi waliunda jahazi kwa plastiki iliyotupwa, wakalipamba kwa vipande vya ndala kama 30,000 zilizookotwa pwani. Jahazi hilo linaitwa Flipflopi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 lilisafiri mpaka Zanzibar. Kwa hiyo usiidharau ndala iliyokatika mkanda. Bado ina kazi.

Iko pia sponji nyeupe, nyepesi sana, inayokuja ndani ya maboksi ya televisheni. Ukiivunja hutoa punje punje. Hiyo inaelea vizuri, lakini haifai kulalia vyungu. Hukatika upesi, na punje zake hutawanyika ziwani. Tena gundi nyingi huila, kama nitakavyoeleza.

Jaribu mwenyewe

Usiniamini kwa maneno tu. Niliaminiwa mara moja, na unajua matokeo yake. Fanya jaribio hili nyumbani.

Chukua ndoo ya maji. Kata kipande cha sponji ya godoro na kipande cha ndala, vyote viwe na ukubwa wa kiganja. Viweke majini, uviwekee jiwe juu ili vizame. Viache usiku mmoja. Asubuhi ondoa jiwe. Utaona ndala inapanda juu yenyewe. Sasa toa kipande cha godoro, ukikamue ndani ya kikombe. Tazama kikombe. Hayo ndiyo maji yaliyokuwa yakisafiri na familia ile bila nauli.

Chagua gundi

Watu wengi hufikiri gundi ni gundi. Sivyo. Kila gundi ina kazi yake, kama vile jembe na panga.

Gundi nyeupe ya seremala ni nzuri kwa kiti na meza ndani ya nyumba. Majini hulainika na kuachia. Usiitumie mtumbwini.

Gundi ndogo ya kukausha mara moja, ile ya kichupa kidogo, hushika haraka. Lakini ikikauka huwa ngumu na hukatika kama kioo. Sponji hupinda, gundi haipindi. Basi huachana.

Gundi ya mirija miwili, ambayo unaichanganya kabla ya kupaka, ina nguvu sana. Inafaa kuunga ubao na ubao, au ubao na chuma. Nayo ikikauka huwa ngumu kama jiwe. Kwa kitu laini kinachobonyezwa kila siku, si chaguo zuri.

Lami inasaidia kuziba nyufa za mtumbwi. Lakini lami ya moto huunguza sponji. Na lami iliyolainishwa kwa petroli huweza kuilainisha na kuiharibu.

Gundi ya viatu ndiyo inayofaa kwa ndala. Fundi viatu huitumia kubandika soli, na soli hupinda kila hatua. Ikikauka hubaki na ulaini, na huvumilia kumwagiwa maji. Lakini haipendi kulala majini usiku na mchana. Pia huila ile sponji nyeupe ya maboksi. Ukiipaka, utaona sponji inayeyuka na kubaki shimo. Kwa hiyo jaribu daima kwanza. Paka gundi kidogo kwenye kipande cha sponji, ukiache usiku mmoja. Kama sponji imeliwa au imekunjamana, tafuta gundi nyingine.

Usibandike kwenye mtumbwi, tengeneza chaga

Hapa ndipo penye siri kubwa, nayo si yangu. Ni ya yule mzee muunda mitumbwi. Alisema, "Ubao wa mtumbwi lazima uonekane. Usiouona utakuua."

Basi usibandike kitu chochote chini ya mtumbwi. Tengeneza chaga, kama chaga za kitanda. Chaga huwekwa ndani ya mtumbwi na kutolewa. Ndala hubandikwa juu ya chaga, wala si juu ya mtumbwi. Maji yakiingia, hupita katikati ya chaga na kwenda chini, na wewe unayachota. Jioni unatoa chaga, unaziegemeza ukutani zikauke. Mtumbwi unabaki wazi, unaukagua.

Mbao za paini zinafaa. Mkoa wa Iringa una msitu mkubwa wa kupandwa wa Sao Hill, Mufindi, na mbao za paini hupatikana katika miji mingi ya mikoa yetu. Kata vipande vyembamba vya upana wa inchi 3. Viache nafasi ya vidole viwili kati ya kimoja na kingine. Viunge kwa mbao mbili za chini. Fanya fremu mbili fupi badala ya moja ndefu, ili mtu mmoja aweze kuzinyanyua. Chaga ziwe chini kabisa, zisiinue mzigo juu. Mzigo ukikaa juu, mtumbwi huyumba.

Angalia misumari. Kichwa cha msumari kisitokeze juu, na ncha isitokeze chini. Na usipigilie msumari wowote kwenye mwili wa mtumbwi. Msumari mmoja ni tundu moja.

Hatua za kubandika

Sasa tufanye kazi. Soma hatua zote kwanza, ndipo uanze.

1. Kausha mbao. Mbao zikae juani siku kadhaa. Ili ujue kama zimekauka, funika kipande cha ubao kwa nailoni usiku mmoja, ukiibana pembeni. Asubuhi ukiona matone chini ya nailoni, ubao bado una maji. Gundi haiwezi kuingia palipojaa maji.

2. Safisha ndala. Zioshe kwa sabuni, utoe matope na mafuta. Zikaushe vizuri. Ondoa mikanda. Kata soli ziwe na upana wa chaga.

3. Kwaruza. Piga msasa juu ya ubao na juu ya upande wa ndala utakaobandikwa. Ngozi inayong'aa haishiki gundi. Futa vumbi lote kwa kitambaa kikavu. Kubandika juu ya vumbi ni kama kupaka chokaa ukuta wenye masizi. Kesho itabanduka.

4. Paka pande mbili. Hili ndilo jambo ambalo wengi hukosea. Gundi ya viatu hupakwa kwenye ubao na kwenye ndala pia. Paka nyembamba. Ubao hunywa gundi, kwa hiyo upake mara ya kwanza, uache ikauke, kisha upake mara ya pili.

5. Subiri. Usiunganishe ikiwa mbichi. Ndani ya gundi kuna dawa inayoruka hewani. Ukiifungia ndani kabla haijaruka, gundi itabaki laini siku nyingi na haitashika. Mara nyingi inatosha kusubiri dakika 10 hadi 20. Lakini soma maelezo ya kopo lako, maana sasa unajua kusoma. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ikiwa hainati kidoleni, iko tayari. Makete na Njombe kwenye baridi ya Juni, itachelewa. Mtera kwenye joto, itawahi, kwa hiyo usipake eneo kubwa kwa mara moja.

6. Lenga, kisha unganisha. Pande mbili zikigusana, hushikana papo hapo. Huwezi kusogeza tena. Anza upande mmoja, shuka taratibu, ukibonyeza kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Kisha gonga kwa nyundo ya mti. Kinachotakiwa ni kubonyeza kwa nguvu, si kuwekea mzigo siku nzima.

7. Funga ncha. Gundi huanza kuachia pembeni. Kata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, uzungushe kwenye kila ncha ya chaga, ukaze chini yake. Gundi inashika, na mpira unalinda.

8. Acha ipumzike. Usiingize chaga majini kabla ya siku nzima kupita. Kama una nafasi, ngoja siku mbili.

Baada ya hapo, kila mwezi zikague chaga. Ukiona ncha imeinuka, ikaushe, ikwaruze, upake tena. Usingoje ibanduke yote.

Hatari ya gundi

Gundi ya viatu si maji ya kunawa. Ina hatari tatu.

Ya kwanza ni moto. Mvuke wake unashika moto upesi. Usiitumie karibu na jiko, koroboi wala sigara. Usiichanganye na petroli ili iwe nyingi.

Ya pili ni mvuke wenyewe. Huumiza kichwa na kuleta kizunguzungu. Fanya kazi nje, chini ya mti, penye upepo. Ukihisi kizunguzungu, simama, ondoka, vuta hewa safi.

Ya tatu ni watoto. Wako watoto na vijana wanaonusa gundi ili walewe. Gundi huwaharibu ubongo, na wengine hufa. Funga kopo vizuri, uliweke mahali pa juu penye kufuli. Kopo likiisha usilipe kazi ya chumvi wala mafuta ya kula.

Chaga si boya

Ndugu msomaji, usije ukasema, "Nimeweka ndala mtumbwini, sasa siwezi kuzama." Ndala chache zinalinda vyungu. Hazitoshi kumwokoa mtu.

Ukitaka mtumbwi usaidiwe kuelea, tumia madumu matupu yenye vifuniko vinavyobana. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri huweza kuinua karibu kilo 19. Yafunge imara pande zote mbili, juu karibu na ukingo, chini ya viti. Usiyafunge chini kabisa ya mtumbwi. Ukijaa maji, madumu ya chini yatataka kupanda juu na kuupindua.

Na kwa ajili ya mtu, hakuna badala ya jaketi okozi. Kila mtu awe na lake, na alivae tangu nchi kavu. Jaketi lililowekwa chini ya vyungu halimsaidii mtu. Asiye nalo asisafiri siku ya upepo. Soko la Jumamosi hii likikupita, liko la Jumamosi ijayo.

Haya nasema kwa watu wa Kyela, na kwa watu wa Manda na Lupingu wilayani Ludewa, ambayo ilikuwa katika Mkoa wa Iringa mpaka mwaka 2012, na sasa iko Mkoa wa Njombe. Nasema pia kwa wavuvi wa Mtera. Nanyi mnaosafirisha mayai kwa baiskeli, au nyanya za Ilula kwa mkokoteni, chaga za ndala zitawafaa. Mahali pa majini na penye mvua, ndala. Godoro libaki kitandani.

Yule mama

Mtauliza, yule mama yuko wapi? Yuko, na anafinyanga. Mimi na mumewe tulitengeneza chaga pamoja, yule mzee akitusimamia. Ndala tuliokota sokoni, na nyingine zililetwa na watoto wa shule. Gundi niliinunua mimi. Nilimlipa mama sehemu ya hasara yake. Yote sikuweza, na yeye anajua.

Siku tuliposhusha mtumbwi majini tena, nilimwomba radhi. Aliniambia, "Bwana Shamba, mimi nimekusamehe. Lakini wako wengine watakaokuuliza. Andika gazetini, ili mwingine asifanye kama sisi."

Mama huyo alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo. Najua atasoma maneno haya, herufi kwa herufi, na binti yake akiwa kando. Mama, nimeandika kama ulivyoniagiza.

Na wewe msomaji, ukiniuliza jambo nisilolijua, utanisikia nikisema, "Sijui, twende tukaulize." Usinicheke. Neno hilo nilijifunza kwa gharama kubwa, na aliyelipa si mimi.

Maswali ya kujadili

Someni makala haya pamoja darasani, kisha mjadili.

1. Kwa nini mtumbwi wa familia ile ulikuwa "mvivu"?

2. Godoro la futi 3 kwa futi 6 lina unene wa inchi 4. Je, lina nafasi ya lita ngapi za maji? Ni madebe mangapi?

3. Eleza tofauti ya sponji ya godoro na sponji ya ndala.

4. Kwa nini gundi ya viatu hupakwa pande mbili, na kwa nini tunasubiri?

5. Katika kijiji chenu, nani huweka gundi ya viatu? Je, watoto wanaweza kuifikia? Mtafanya nini?

6. Je, kila anayesafiri majini katika kijiji chenu ana jaketi okozi? Kama sivyo, kijiji kinaweza kuanza na hatua gani?

Mwezi ujao nitarudi shambani. Tutazungumza juu ya dumuzi katika ghala la mahindi. Kazi njema.

Bwana Shamba wenu